Nyimbo za Kusingia

Kila alasiri binti mwanafunzi wa utamaduni kutoka chuo kikuu huvua viatu mlangoni pa Mwanarusi, mtaani Kuze, kabla hajakaribishwa, akaketi mkekani kumsaidia kutunga asumini za harusi. Sindano huishika kama kalamu, na kalamu huichomeka kwenye nywele. Hakipiti kitu asikiulizie: kwa nini majani ya rehani yakae katikati ya kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, kwa nini bi harusi asingwe mwili kwa liwa ya manukato na si kwa sabuni. "Mwanangu, wewe ulizaliwa na swali mdomoni," Mwanarusi humwambia, naye hucheka akiziba meno kwa kiganja chenye madoa ya wino.

Jumatano alikuja ameitanguliza simu. Usiku wa kuamkia Jumanne, bi harusi wa jirani aliposingwa, mwanafunzi alirekodi nyimbo zote za wanawake, dakika arobaini. Sura ya mwisho ya tasnifu yake ilizingoja hizo tu, na msimamizi wake angezisikiliza Ijumaa.

"Msimamizi wako mwanamke?"

"Mwanamume, mama."

Mwanarusi hakuinua macho. "Zile huimbwa mlango umefungwa. Mamake bi harusi alikufungulia wewe."

Akatunga maua matatu kabla kidole cha mwanafunzi hakijashuka kwenye simu na kuzifuta zote. Mwanafunzi akachomoa kalamu nyweleni, akaiweka chini, akachukua sindano. Mwanarusi akalingoja lile swali lake la kila siku. Siku hiyo halikuja.