Aliyezijua Meli kwa Mashuka

Mtaani walimwita Kapteni, ingawa hajawahi kushika usukani wa chombo chochote. Hata baiskeli ilimshinda. Jina hilo lilitoka kwa mkewe bila yeye kukusudia. Kila alipoulizwa mumeo yuko wapi miaka yote hii, mwalimu huyo wa darasa la kwanza alijibu kwa sauti iliyofika hadi nyumba ya tatu, "Yuko kwenye meli za watalii. Ndiye anayewapokea wageni kwenye ukumbi wa chakula." Watu wakaona maneno ni mengi, wakafupisha.

Alikuwa mtu mfupi, mzito wa kusema, mwenye makovu meupe kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko, ambayo alisema ni ya sahani za moto. Aliacha meli binti yao alipokuwa anaingia sekondari, akapata kazi ya kutunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi, akaifanya mpaka akastaafu. Nyumbani hakuwa mvivu. Alipika, alideki, na mama mkwe wake alipougua ni yeye aliyekuwa akimgeuza kitandani. Kitu kimoja tu hakukigusa, nacho ni pasi. Shati likitoka kwenye kamba lina mikunjo, alilivaa na mikunjo yake. Mkewe aliliona hilo kuwa deko la mtu aliyezoea mambo makubwa. "Ungekuwa mwanafunzi wangu," alimtania, "ningekurudisha nyumbani ukamwite mzazi."

Mwaka aliostaafu mkewe, binti yao, mtaalamu wa maabara hospitalini, alikuja Jumapili na zawadi. Wiki nzima kwenye meli ya watalii, wao wawili.

"Baba amezunguka dunia peke yake," alisema. "Sasa mzunguke wote."

Mama alipiga kigelegele mpaka jirani akachungulia. Baba alisema asante, mwanangu, kisha akaenda nyuma ya nyumba kutazama bomba ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Ofisi ya wakala wa safari ilikuwa ghorofani, juu ya duka la miwani. Wote watatu walikwenda Jumatano asubuhi. Wakala, mwanamke mchangamfu aliyevaa miwani yake utosini, aliwapanga kwenye viti vya plastiki na kutandaza mezani vijitabu vinne vya kampuni nne zenye mmiliki mmoja: cha bluu, cha kijani, cha njano na cheupe.

"Haya mama, wewe unataka likizo ya namna gani?"

"Ya kukaa," alijibu mwalimu. "Nivae gauni langu la nyumbani na ndala. Nile nikisikia njaa, nilale nikisikia usingizi. Nisigongewe kengele, kengele nimegonga mwenyewe miaka thelathini na tatu. Na watoto sitaki. Nawapenda sana, ila nisimwone hata mmoja wa kunivuta sketi."

Wakala alicheka, akasogeza kijitabu cha bluu na kuanza kukisifia: taa za vioo, ngazi za marumaru, chakula cha jioni kama cha ikulu.

"Hiyo hapana," alisema Kapteni.

Wote waligeuka. Tangu wapande ngazi hakuwa amefungua mdomo.

"Hao wana siku mbili za suti kila wiki. Ukishuka kula bila koti, watu wanakutazama kama mwizi. Siku hizo mbili peke yake mashati meupe yanafika mia sita, na yote yanatakiwa kabla ya saa kumi na moja jioni. Wanga wa kukazia nguo ukilegea, shati linarudishwa."

"Mzee, kumbe wewe ni mtaalamu!" alisema wakala. "Na hii ya kijani?"

"Ya familia. Taulo za bwawani huwezi kuzimaliza. Bahari ikichafuka kidogo, mashuka yaliyotapikiwa yanashushwa kwa mifuko myekundu, mifuko na mifuko."

"Ya njano basi. Hii ni ya watu wazima tu, na hakuna mambo ya tai."

"Tai hawana, kweli. Lakini ni watu wa kukesha na kunywa. Vitambaa vyao vya mezani vimejaa mvinyo, unatia dawa mara mbili na doa bado liko. Mama watoto hatapata usingizi pale." Alikuwa amesogea mbele kwenye kiti, uso umechangamka kwa namna ambayo binti yake hakuizoea. Akaweka kidole juu ya kijitabu cheupe. "Chukua hii. Meli zao ni ndogo, hazizidi watu mia tatu, watu wazima watupu, na hakuna anayejali umevaa nini. Fulana na kaptula wiki nzima. Shati la kupiga pasi unaliona moja moja. Ukipangiwa meli hizo unamshukuru Mungu."

Wakala alikuwa tayari anaandika. Mkewe hakuwa ametazama kijitabu hata kimoja. Alikuwa anamtazama mumewe, kama alivyokuwa akimtazama mtoto aliyepata jibu sahihi kwa njia isiyo yake.

"Baba watoto," alisema polepole, "mbona meli zote unazijua kwa nguo?"

Kapteni alifungua mdomo, lakini binti aliyekuwa ameinamia simu yake alimtangulia kwa furaha.

"Enhe, hiyo nyeupe nayo ni ya waajiri wako wa zamani, baba! Niliwaandikia bila kukuambia. Waliowahi kuwatumikia wanapewa chumba cha juu, chenye dirisha kubwa. Wamejibu leo asubuhi, na uthibitisho wameuweka. Sikilizeni." Akaanza kusoma kwa sauti, macho yake hayajafika mwisho wa sentensi. "Tunathibitisha kwamba aliyetajwa alitumikia meli zetu kwa miaka kumi na moja na miezi minne, kitengo cha dobi, kama mpiga pasi."

Neno la mwisho lilitoka kwa sauti ndogo.

"Watakuwa wamekosea," alisema binti.

"Hawajakosea," alisema Kapteni.

Wakala alishusha miwani yake machoni na kuanza kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake. Mwalimu alisimama.

"Tuandikie hiyo nyeupe," alimwambia wakala. Kisha akashuka ngazi akishikilia chuma cha pembeni, daraja moja moja kwa ajili ya goti lake linalovimba. Mumewe alipomnyooshea mkono, hakuupokea.

Siku nne hawakuzungumza zaidi ya maneno ya lazima. Chakula kiko mezani. Mlango umefunga? Kapteni alijua kosa lake, au alidhani analijua. Alimfikiria mkewe akipita mtaani, mbele ya watu wale wale aliowatangazia miaka yote habari za ukumbi wa chakula, na moyo wake ulisinyaa. Siku ya tano, mchana, alimkuta jikoni anachambua maharage kwenye ungo. Akavuta kigoda, akaketi.

"Nimekuaibisha mbele za watu," alisema. "Najua. Nisamehe."

"Aibu?" Mwalimu hakuinua macho. "Unafikiri ninalilia pasi? Baba yangu alikuwa anazoa taka, na kwa taka hizo nikasoma ualimu. Ungekuwa unasugua vyoo ningesema mume wangu anasugua vyoo, na anayetaka kucheka acheke."

"Sasa..."

"Mwaka wa sita. Uliponipigia simu shuleni."

Kapteni aliikumbuka vizuri. Alipiga kutoka kwenye kibanda cha simu bandarini, mabaharia wengine wakimsubiri nje. Simu ililia ofisini kwa mwalimu mkuu, mkewe akaitwa darasani, akapokea walimu wenzake wakisikiliza.

"Ulisema mkataba ukiisha unataka kurudi. Nikakuuliza kuna nini, ukasema umechoka tu. Nami nikakujibu nini?"

Kapteni aliokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa kando.

"Sema. Nataka nilisikie kwako."

"Ulisema, kazi ya kusimama ukumbini na kutabasamu nayo inakuchosha?"

"Nikaongeza kwamba mimi nina watoto tisini darasani na sijachoka. Walimu wote wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Nikakata simu nikiwa ninacheka." Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya maharage. "Sasa niambie. Siku ile ulikuwa na nini?"

Kapteni alieleza akitazama sakafu. Chumba cha dobi kilikuwa ghorofa mbili chini ya usawa wa maji, hakina hata tundu la kutazama nje. Mvuke ulikuwa mwingi kiasi kwamba ukitoka kwenda kula unaona dunia imefifia. Wiki ile, pasi kubwa ya mashuka, ile inayofunga kama taya, ilimfungia mkono. Mganga wa meli alisema apumzike siku kumi. Msimamizi akampa kazi ya kukunja taulo kwa mkono mmoja.

"Nilipokupigia, mkono ulikuwa kwenye bandeji," alisema. "Nilikuwa nimeshika simu kwa ule mwingine."

"Na hukusema."

"Ningesemaje? Ungeuliza ni sahani gani inayounguza mpaka kwenye kiwiko."

"Ungesema kweli ningekuambia rudi leo hii, hata kwa miguu!" Ungo uliteleza, maharage yakamwagika sakafuni, hakuna aliyeyaokota. "Hilo ndilo ulilonifanyia. Ulinifanya niwe mwanamke anayemcheka mumewe aliyeungua. Ukakaa kule miaka mitano mingine kwa neno langu, na mimi sikujua nimesema neno gani."

Kapteni alitaka kueleza jinsi ilivyoanza. Yeye na wenzake walipoajiriwa waliambiwa kweli kwamba watahudumu ukumbini. Alikuwa ameshawaaga watu wote kwa habari hiyo. Siku ya kwanza melini akashushwa ngazi, akaambiwa ni kwa mwezi mmoja tu, na barua ya kwanza, ya kusema yuko ukumbini, akaiandika akiamini kwamba kabla haijafika itakuwa imeshakuwa kweli. Mwezi ukazaa mwezi. Aliyasema hayo yote, na aliposikia sauti yake mwenyewe aliona kwamba hayamsaidii. Mkewe alisikiliza bila kumkatiza, kisha akainama, goti likimuuma, akaanza kuokota maharage.

"Nitamwambia binti aifute safari," alisema Kapteni.

"Usifute kitu. Mimi nakwenda. Nataka nikaone ulikokuwa."

Meli ilikuwa vile vile alivyoieleza. Watu wazima waliochoka na kazi zao walilala kwenye viti virefu wakiwa na vitabu vifuani. Hakuna aliyevaa tai, hakuna tangazo la saa ya chakula, na mwalimu alishuka kula asubuhi ya pili akiwa na gauni la nyumbani na ndala, hakuna aliyegeuka. Likizo aliyoitaka aliipata yote. Lakini na mumewe alikaa kama mtu anavyokaa na mgeni: karibu, asante, samahani. Naye Kapteni hakuweza kutulia. Alitandika kitanda kabla mhudumu hajagonga. Mezani alipitisha kidole gumba kwenye pindo la kitambaa, akikagua. Mhudumu alipomwita bwana, aliangalia nyuma.

Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, mwalimu alifunga kitabu chake.

"Twende," alisema.

Walishuka ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka zulia likaisha na ukuta ukawa chuma kilichopakwa rangi. Mbele yao palikuwa na mlango wa wafanyakazi tu. Mwalimu aliweka kiganja chake juu yake. Ulikuwa unatetemeka.

"Ni hapa?"

"Ghorofa mbili chini ya hapa."

Kabla mkewe hajajibu, mlango ulifunguliwa kwa ndani. Akatoka mwanamume wa makamo akisukuma kitoroli cha taulo, mikono ya shati imekunjwa, jasho linamtiririka shingoni. Nyuma yake hewa ya moto iliwapiga usoni, nzito, yenye harufu ya sabuni na wanga. Mwalimu alirudi hatua moja, akafunika pua.

"Samahani, mama," alisema yule mwanamume, "huku wageni hawaruhusiwi." Akapita, na mlango ukajifunga taratibu.

"Hilo joto ni la hapa mlangoni tu," alisema Kapteni. Hakulisema kwa kujisifu. Lilimtoka tu.

Mwalimu aliketi kwenye ngazi, kwa sababu ya goti. Kapteni akaketi daraja la chini yake.

"Sijakusamehe," alisema mkewe. "Na mimi mwenyewe pia sijajisamehe, kwa hiyo usinibembeleze."

"Sawa."

"Anza siku ya kwanza. Usiruke kitu."

Akaanza. Wageni wawili wenye taulo mabegani, waliopotea njia ya bwawa, walishuka hadi pale, wakaomba radhi, wakarudi juu.

Waliporudi nyumbani, mwalimu hakumweleza mtu yeyote mtaani. Alisema habari hiyo si yake, ni ya mwenyewe. Kapteni alimweleza binti yao Jumamosi moja, wakiwa uani, na ilimchukua mchana mzima. Binti alilia, akauliza maswali ya hospitalini kuhusu mishipa na vidole. Mtaani hakusema, ila siku moja mtu alipomwita Kapteni alimjibu kwamba hajawahi kuwa kapteni wa kitu, na yule akacheka akidhani ni utani.

Yeye na mkewe waliendelea kuishi. Kuna wiki walikuwa sawa kabisa, wakibishana kuhusu redio. Kuna siku nyingine, katikati ya mazungumzo ya mambo mengine kabisa, mwalimu aliuliza ghafla kitu kidogo: kule chini mlikuwa mnakula nini, ulikuwa unakaa karibu na nani, nani alikupeleka kwa mganga. Kapteni aliacha alichokuwa anafanya, akamjibu. Pale ambapo hakukumbuka, alisema hakumbuki, na hakuongeza neno la kutunga.