Mama Alipoufagia Msitu

Mimi siwaamini watu wanaopima ardhi bure. Kwetu, upande wa Butiama unaokaribia Buhemba, anayepima leo keshokutwa anarudi na tingatinga kuchimba dhahabu. Kwa hiyo mama aliponipigia simu Kamunyonge ninakoishi, akisema kuna wataalamu wanataka udongo wa kile kimsitu nyuma ya boma letu, nilipanda basi asubuhi iliyofuata.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa dada mmoja mpole, na dereva wake. Nilimhoji kama polisi. Akaeleza kwamba anatafuta mionzi: mabomu ya nyuklia yaliyojaribiwa zamani nchi za mbali yalirusha vumbi lenye mionzi angani, na mvua ikalishusha kila mahali, hata kwetu, kidogo kidogo. Msituni majani hulidaka. Yakidondoka huanguka nalo, nalo hukaa pale juu kwenye mboji, unene wa vidole vichache tu. Haliendi chini haraka, maana mizizi hulinyonya na kulirudisha kwenye majani, likaanguka tena.

"Ndiyo maana nataka udongo wa juu ambao haujaguswa," alisema.

Nikajisemea moyoni: dhahabu hiyo, unanizuga tu.

Tulipofika msituni, chini palikuwa peupe, alama za ufagio zikionekana. "Nimefagia tangu jana," mama alisema, kifua mbele. "Wageni wanakujaga kwangu halafu wakute uchafu?"

Yule dada alichuchumaa, akauliza majani yako wapi. Mama akasema ameyachoma, majivu yako jikoni. Kwetu majivu hayatupwi. Tunayachuja kwa maji, na maji yale hulainisha mboga ya mlenda. Mdogo wangu wa kike, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa ameula mlenda wa majivu hayo jana yake, na asubuhi akamalizia kiporo.

"Kuna ubaya, dada?" akamuuliza mtaalamu, mkono tumboni.

"Sidhani. Ila moto huunguza jani, mionzi ikabaki kwenye majivu. Siwezi kusema kabla ya kupima." Akachukua kopo moja la majivu, wakaondoka.

Mimi nilishika lile "siwezi kusema" tu. Nikamvuta mdogo wangu pembeni, nikamwambia asiguse tena chungu cha mama mpaka majibu yatoke. Nilikuja kuwalinda na wageni, nikaishia kumshuku mama yangu mzazi. Naona aibu kuliandika hilo. Tangu siku hiyo mdogo wangu akawa anajipikia sufuria yake, akisingizia kichefuchefu, lakini kwetu siri haikai, na haikuchukua siku tatu mama akajua sababu.

Baada ya wiki kadhaa majibu yalikuja kwa simu: hakuna cha kumdhuru mtu. Nilimpigia mdogo wangu mbio mbio.

"Hao hao wapimaji ndio wamekwambia?" akauliza. "Tangu lini unawaamini?"



Mtoto alizaliwa salama, nikaenda kumwona. Mama akaleta ugali na mlenda, akaketi kwenye mkeka. Kabla hajatukaribisha alikata tonge, akachovya, akala, akameza taratibu huku akimwangalia binti yake, vile tunavyomwonjea pombe mgeni asiyetujua, aone haina sumu. Kisha akamsogezea bakuli.

"Kula, mwanangu. Unaona mimi sijafa."