Pete ya Celestine katika Banda la Mawe

Celestine Tom alikuwa mkata mawe katika kambi ya kutafuta nikeli juu ya Ziwa Trembleur, huko Kanada, na kazi ile aliipenda kuliko usingizi. Mashine ikitoa ardhini vipande virefu vya mwamba, vyeusi vyenye ukijani, vinateleza kama sabuni, yeye huvipasua kwa msumeno: nusu maabara, nusu sandukuni. Nikeli ya kule imeungana na chuma, punje za metali tupu ndogo kuliko chawa, nazo hung'ang'ania sumaku.

Mwaka ule ikaja amri kwamba mkata mawe asivae pete. Ikikwaruzika, unga wake utaingia kwenye sampuli, na watu watachimba mlima kwa kufuata kidole cha mtu. Asiyevua, aende jikoni. Na jikoni alitawala Bernadette, wifi yake. Kwetu Wadakelh, wenyeji wa ziwa lile, wifi haachi utani hata msibani. Celestine aliona heri kukaa na dubu.

Lakini pete ilikuwa imezama nyamani tangu mtoto wa tatu. Akamweleza Hector, mjiolojia wa zamu, kuwa yake ni dhahabu, mumewe Alphonse aliinunua kwa ngozi za msimu mzima wa mitego, na pale dhahabu haitafutwi. Hector akaona ana hoja. Hata hivyo akasogeza kalamu yake ya sumaku, apime tu.

Kalamu ikaruka, ikanata kidoleni.

Bernadette, aliyekuwa ameleta chai, akaweka birika chini polepole.

"Wifi, kumbe kaka yangu alikuoa kwa msumari."

"Na msumari umeshika miaka thelathini. Wewe wako wa dhahabu yuko wapi?"

Bernadette alicheka mpaka akakaa juu ya masanduku ya mawe, maana mume wake alikimbilia mjini Prince George na muuza magari. Kisha akaenda mwenyewe kuleta mafuta ya dubu. Akapaka, akavuta, akamkanyaga Celestine goti, na pete ikatoka na ngozi kidogo.

Jumamosi Alphonse akaja na boti kuleta samoni wa moshi. Celestine hakumsalimu. Alimwonyesha pete ikining'inia kwenye sumaku.

Alphonse akaitazama, akajikuna shingo.

"Mimi nilisema inang'aa, mama watoto. Dhahabu ulisema wewe."

Celestine akapokea samaki wote, akawasha msumeno ili asimsikie zaidi.