Mbinguni Hawaendi na Viatu

Enzi zetu pale Bukavu, chombo cha angani hakikuruka bila kelele. Tulibanana kwenye mabenchi ya kibanda cha video, sambaza za kukaanga, vile vidagaa vya ziwani, zikilowesha karatasi mafuta mikononi, jenereta ikinguruma nje, na Tonton Safari, mjomba wa mtaa mzima, amesimama kando ya televisheni akitufasiria kwa kipaza sauti. Kiingereza chenyewe alikijua kwa mbali. Siku moja chombo kililipuka kimyakimya, bila sauti yoyote, nasi tukapiga mayowe kwamba spika zimekufa. Tonton hakubabaika. Alijaza mashavu upepo, akakilipua upya kwa mdomo wake, watu wakaridhika.

Kosa lake lilikuwa neno moja: anga za juu aliziita mbinguni. "Wazungu bamefika mbinguni," alitangaza, nasi tukaamini. Nilipopeleka habari hiyo nyumbani, mama, mtu wa kwaya, aliacha kusonga bugali akaniuliza kama walivua viatu. Nikamwambia walivaa mabuti makubwa.

"Basi hapo si mbinguni," akasema. "Hakuna mutu anaendaka mbinguni na viatu."

Kwake mjadala uliishia hapo, na ukimuuliza mtu wa sayansi atakwambia mama hakukosea.

Sasa nakaa Hagsätra, huku Uswidi, na binti yangu Neema, mwenye miaka tisa, hawezi kutazama filamu ya anga kwa amani. Moto ukiwaka nje ya chombo, anasema, "Fel, pappa," yaani wamekosea. Mlipuko ukisikika, anasimamisha filamu anieleze kwamba huko hakuna hewa ya kubeba sauti, kwa hiyo hakusikiki kitu. Watoto wa siku hizi wanapenda ukweli mpaka wanamaliza utamu wa filamu. Kwenye kile kibanda chetu angetolewa nje kabla sambaza hazijapoa.

Mwezi uliopita mama alifariki kule Bukavu. Sikuweza kwenda kumzika, na hilo linaniuma. Nilimwambia Neema kwamba koko, bibi yake, amekwenda mbinguni. Neno lile lile la Tonton Safari.

Jioni tulipokuwa tukiomba, Neema aliikatiza sala. Akauliza kwa Kiswidi, kama anavyonijibu siku zote: kama huko juu hakusikiki kitu, koko atatusikiaje?

Niliogopa. Nikijibu vibaya, mtoto huyu hataomba wala kumwita koko wake tena. Sayansi ya kumjibu sikuwa nayo, basi nikamsimulia habari za Tonton, za mabuti, na za mama na mwiko wake mkononi. Nikamwambia mbingu ya koko si ile ya filamu, kule wanasikia, ila koko hakujua Kiswidi.

Sisi tulidanganywa kwa kelele nyingi, lakini tulikuwa na mama jikoni wa kutusahihisha. Watoto wetu hawa wanajua kila kitu kuhusu anga, na bibi zao wamewajua kwenye simu tu, picha ikikatikakatika. Sijui nani kati yetu amepata hasara kubwa zaidi.

Neema alifumba macho tena.

"Koko," akasema kwa Kiswahili, polepole, akilitafuta kila neno, "umevua viatu?"