Ziwa Nililomletea Mama

Picha ya kwanza Mama aliikataa kabla sijaitua chini. Aliisogeza karibu na pua, akaipitisha kushoto, akaipitisha kulia, akasema, "Hii haiko ziwa. Hii iko kalandriye ya kutundika ku ukuta."

Nilikasirika! Mimi naishi kwa brashi. Nusu ya mabango ya saluni na famasi kwenye barabara ya Lumumba nimeyachora mimi, na hakuna mteja aliyewahi kunirudishia kichwa cha mtu eti hakifanani. Lakini Mama ni Mama. Nikachora ya pili, yenye milima ya Uganda ng'ambo na jua linachomoza. "Nzuri," akasema, kama mtu anavyosifu ugali wa jirani. Ya tatu niliijaza ndege weupe. Hiyo aliiegemeza ukutani kwa adabu, akaniomba chai.

"Inapungua nini, Mama?"

"Sijue. Ingekuwa najua, ningekuambia."

Sasa shida yenyewe ni hii. Mama alizaliwa ufukoni mwa Ziwa Albert, kwa wenyeji wa pale pale, watu ambao mababu zao wamezikwa hatua chache kutoka majini. Vita ilitutoa huko nikiwa bado nabebwa mgongoni, tukaishia mtaa wa Saio, huku mjini, na tangu hapo hakurudi. Kwanza ilikuwa hofu, halafu magoti, na sasa macho. Daktari alisema ni presha ya macho: mwanga unaondoka pembeni, unabana, unabana, na ulioondoka haurudi. Mama alikuwa amebaki anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Siku tuliyotoka hospitali hakulia. Aliniambia tu, "Macho inafunga. Uniletee ziwa, niione mara moja tena."

Na mimi, mchoraji mzima, mtoto wa ziwa, sikuwahi hata kukanyaga pirogi, ule mtumbwi wa mbao wa wavuvi. Naogopa maji, acha niseme ukweli.

Basi mama mmoja muuza samaki niliyemchorea bango akaniletea habari. Wenyeji wa ufuko wameamua kuacha moteri, zile injini za pirogi, nyumbani. Watakwenda kwenye sikukuu ya parokia, upande wa pili wa ghuba, kwa makasia, pirogi zote pamoja, namna wazee wao walivyosafiri. "Nenda ukaone na macho yako," akaniambia. "Uache kuchora vitu ya kusikia."

Aliniweza hapo. Asubuhi ya safari nikapanda moto, pikipiki ya abiria, daftari kifuani, penseli nimezichomeka kwenye nywele. Tulipopita Bogoro barabara ikaanza kuteremka, na kwenye kona moja ziwa likafunguka lote chini yetu. Nikapiga kelele mpaka dereva akashika breki.

"Kuko nini, mama?" akaniuliza.

"Ziwa!"

"Iko pale kila siku," akasema, akaendelea na safari yake.

Ufukoni ilikuwa vurumai tupu. Ngoma, masufuria, wanakwaya wenye mashati meupe wanavukishwa mabegani wasilowe, watoto wanafukuzwa na kurudi. Nilishikilia daftari langu kwa mikono miwili. Kapiteni wa pirogi yangu, mzee mfupi mwenye sauti iliyoshinda zile moteri walizoziacha, akaniuliza, "Weye mutoto ya nani?"

Nikamtajia Mama. Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, akacheka peke yake, akanipa kipande cha bidoni, dumu la plastiki, kilichokatwa mshazari.

"Vua viatu. Ukaye pale katikati, chini kabisa. Utakuwa unachota mayi mu pirogi, unamwanga inje."

"Muzee, miye nimekuya kuchora."

"Mu pirogi yangu kila mutu iko na kazi. Kasia unajua?"

"Hapana."

"Basi shika bidoni."

Watu wakacheka, mimi nikanuna. Nikachuchumaa kati ya mabenchi, magoti mdomoni, nikijiambia nitachota mara mbili tatu, halafu nitainuka nichore. Thubutu! Pirogi ya mbao huvuja hata uizibe vipi. Hatujafika hata mbali na ufuko, maji yalikuwa yameshanifika vifundoni. Nikachota, nikamwaga. Nikachota tena. Juu yangu wakaanza wimbo, na kila kasia lilipoingia majini, visigino vyote viligonga sakafu kwa pamoja, du! Maji yakaruka usoni mwangu. Nikamwaga. Du! Nikamwaga. Ule woga wangu sijui uliangukia wapi, maana sikupata hata nafasi ya kuutafuta.

Halafu mtu akapiga mluzi. Pirogi ya vijana wa kwaya ilikuwa inatupita.

"Mayi!" kapiteni akanguruma. "Mayi, mutoto ya mama yako! Tuko wazito! Mwanga!"

Mungu wangu! Kumbe ni mimi! Maji yakibaki ndani, pirogi inakuwa nzito. Pirogi ikiwa nzito, tunashindwa, na lawama yote ni yangu mimi na bidoni yangu. Nilichota kama nyumba inaungua. Penseli zikadondoka, sikuziangalia. Visigino vikaongeza mwendo, mbao zikalia, jasho la watu likanidondokea mgongoni, mimi nachota, naimba wimbo nisioujua maneno, napiga kelele, "Twende! Twende!" Nikasikia sauti za kwaya zikisogea nyuma yetu, nyuma zaidi, na watu wangu wakalipuka kwa vigelegele. Tuliwashinda! Tulipogusa mchanga sauti ilikuwa imenikauka, na kapiteni akanishika mkono akauinua juu mbele ya watu wote. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nizaliwe, nasema kweli.

Furaha iliniisha nilipofungua daftari. Lilikuwa uji. Simu ilikuwa imekufa. Na kibaya zaidi, hata kichwani sikuwa na kitu. Nilikwenda kutazama ziwa, nikamaliza safari nzima natazama sakafu ya pirogi! Nilirudi na lori la samaki, na njia nzima nilijiuliza nitamwambia nini yule mama aliyekaa Saio akinisubiri na macho yake yanayofunga.

Sikuwa na ujanja mwingine. Nilichukua kipande cha triplex, ubao mwembamba, nikakaa barazani, nikachora nilichokuwa nacho. Miguu. Kisigino kilichopasuka, chenye lami nyeusi kwenye ufa. Kidole gumba kisicho na kucha. Mguu wa mwanamke mwenye kitambaa chekundu kwenye kifundo. Kati yao maji ya kahawia, povu, magamba mawili ya samaki. Mbingu hakuna, milima hakuna, ndege hakuna. Nilichora haraka, na kila nilipochovya brashi nilisikia ile du.

Nilimpelekea rangi haijakauka vizuri.

"Mama, unisamehe. Ziwa sikuliona."

Aliupokea ule ubao. Alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa rangi, akaanza kwenye kona, akaenda mguu mmoja baada ya mwingine, taratibu. Nikasubiri. Akarudia tena. Midomo yake ilianza kucheza.

"Kisigino hii ni ya baba," akasema.

Babu alikufa kabla sijazaliwa. Sikumsahihisha.

"Hii ya kitambaa ni ya mama. Na hapa," akaweka kidole kwenye maji, katikati, mahali nilipokuwa nimechuchumaa mimi, "hapa ndiyo nilikuwa nakalaka. Baba alisema niko mudogo, siwezi kasia. Kila safari, miye ndiye nilimwangaka mayi. Ziwa sikuionaka, mutoto yangu. Nilionaka miguu."

Nikamkumbuka kapiteni na kicheko chake cha peke yake nilipomtajia Mama, kabla hajanipa bidoni. Machozi yakanitoka, na nilikuwa nacheka.

Mama hakuwa na habari na mimi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshuka chini ya kiti, unachota, unatupa nyuma ya bega, unachota, na kisigino chake kinagonga sementi. Halafu akasimamisha mkono, akageuza uso kunitafuta.

"Mayi inajaa," akasema. "Weye unasimama tu?"

Nikavua viatu, nikachuchumaa karibu naye, nikaanza kumwaga.