Mikono ya Kalista Ujerumani

Mawingu yalipoanza kujikusanya juu ya vilima vya Ngara, Kalista hakutulia tena. Alikuwa amekaa ofisini karibu na stendi, miwani mizito usoni, glavu zenye nyaya mikononi, lakini kazi yenyewe ilikuwa Ujerumani, katika jiko la bibi kizee mmoja aliyeishi peke yake. Alichofanya Kalista huku, roboti ilikifanya kule: kufua, kupiga deki, kupika. Mshahara wake wa wiki, mtumishi wa kule angeupata kwa siku moja. Hata hivyo ulikuwa umeezeka kwa bati nyumba ya wazazi wake kijijini Keza, naye hakuwa na hamu ya kurudi kwenye jembe.

Siku hiyo aliinua sufuria ya supu inayochemka. Mvua ikaanza, na kama kawaida yake mtandao ukakatika. Picha ikaganda: sufuria hewani, magoti ya bibi chini yake. Kalista hakujua kama mkono ule umesimama au umeinama. Akahesabu sekunde nne, jasho likimtoka.

Picha iliporudi, supu ilikuwa imemwagika sakafuni, shubiri moja tu kutoka miguu ya bibi.

Alimweleza msimamizi wake, Gozbert, akaomba asibebe vitu vya moto nyakati za mvua. Gozbert alimsikiliza vizuri, kisha akasema wateja wanalipia kupikiwa, na kampuni ikianza kuchagua hali ya hewa watahamia kwingine. Akamkumbusha pia kwamba ni marufuku kumwambia mteja mahali alipo.

Kesho yake mvua ikanyesha tena. Kalista akaiweka roboti mbali na jiko, akasema, na mashine ikatafsiri:

"Bibi, mimi niko mbali sana, Afrika. Mtandao ukikatika, mikono hii siiwezi. Nikipika, tafadhali usikae karibu."

"Nilidhani uko mtaa wa pili," bibi akasema.

Gozbert, aliyekuwa akifuatilia mazungumzo ya kazini, aliyasikia yote. Kalista akasimamishwa kazi, akapalilia maharage Keza wiki tatu, kila mlio wa bodaboda ukimshtua, akidhani ameitwa kazini. Mwishowe wakamwita, maana waliokwisha kufunzwa kazi hiyo walikuwa wachache, lakini wakampa nyumba nyingine. Juvenali, mfanyakazi mwenzake aliyekabidhiwa nyumba ya bibi, alimwambia kuwa siku hizi bibi husubiri chakula sebuleni.

Kalista akashusha pumzi. Kisha akavaa miwani, na kitu cha kwanza alichokiona katika jiko jipya kilikuwa mtoto anayetambaa.