Zaburi Niliyoibana Kwapani

Miaka kumi na minane nilisoma Neno kanisani kwetu Nyakitonto, kwa kitabu changu chenye jalada lililoshonwa kwa uzi wa gunia. Kisha akahamia mwalimu kutoka mkoa mwingine, akapewa usomaji, na Jumapili ya kwanza akanizuia njiani kwenda mimbarini.

"Mama, pumzika. Kitabu kimechakaa, na macho yako vilevile. Yote yamo humu," akasema, akiinua simu.

Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini moyoni nikamwekea kiporo.

Rafiki yangu, niliyevuka naye mpaka kutoka Burundi tukiwa wasichana, hakucheka. Alipolazwa hospitali ya Kabanga alinishika mkono, akanitajia zaburi anayotaka asomewe kaburini.

"Unisomee wewe, kwa kitabu chako. Si kwa simu ya yule."

Nikamwahidi.

Siku ya maziko yake mwalimu akanitangulia tena. Sikubishana naye. Manyunyu yakaanza, kioo cha simu kikalowa. Akigusa huku, maandishi yanaruka kule. Akafuta kwa shati, akasoma mstari mmoja, ukurasa ukapotea. Wenye majembe wakatazamana. Waumini wengine nao siku hizi huja na simu tu, na zao zilikuwa zimelowa vilevile. Mwishowe akanigeukia, maji yakimchuruzika usoni.

"Mama, nisaidie. Kitabu unacho?"

Kilikuwa kwapani, ndani ya kitenge. Nilimkazia macho mpaka akainamisha yake. Siwezi kuficha raha niliyoipata; nilitamani dakika ile isiishe.

"Pumzika, mwalimu," nikamwambia, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Yote yamo humo."

Mvua ikazidi. Mzee wa kanisa akaomba harakaharaka, udongo ukashushwa. Zaburi haikusomwa.

Sasa mwalimu anakaa benchi la nyuma, nami nimerudi mimbarini. Sijamsamehe, wala sijutii kumwaibisha. Alistahili, na zaidi.

Ila juzi binti wa marehemu alinisimamisha njiani, ndoo ya mihogo kichwani.

"Mama mdogo, siku ile ya mama kitabu ulikisahau nyumbani?"

"Nilikisahau, mwanangu."

Akaitikia kwa kichwa, akaniamini, akaenda zake. Hakujua kwamba hata bila kitabu, zaburi ile naijua yote kwa moyo.